Damu ya Zizi Moja

Danford hakuwa mtu wa kukaa. Ukimpa kigoda atakikalia nusu tako, na kabla hujamaliza kumuuliza habari za nyumbani ameshasimama, ameshachungulia barabarani, amerudi, amesimama tena. Watu wa Tunduma wamewazoea watu wa namna hiyo, kwa sababu mji wenyewe haujui kutulia. Malori yanasogea na kusimama, wabadilisha fedha wanarandaranda na mabunda yao, na mtu uliyemsalimia asubuhi karibu na forodha, saa sita yuko Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anabishana bei ya sabuni. Lakini hata kwa mji huo Danford alikuwa amezidi, na wiki moja ya mwaka huu alizidi mpaka wenzake wakamwona kero.

Jina lake walilijua wachache. Wengine wote walimwita Dokta. Alizaliwa Mbebe, kule juu Ileje, kwenye ukungu na migomba na ng'ombe wachache wa maziwa ambao kila mmoja ana jina lake. Ujanani alimbebea begi bwana mifugo wa kata, na huko akajifunza kumtuliza ng'ombe, kumpapasa shingo na kuupata mshipa kwa mara moja. Bwana mifugo alipohamishwa, watu waliendelea kumwita Danford. Cheti hakuwa nacho, mkono alikuwa nao.

Kisha akashuka Tunduma na mfanyabiashara wa ng'ombe. Ng'ombe wakauzwa, yeye akabaki. Akapata kibarua cha kulinda malori, jino likamsumbua, dereva mmoja akamwonjesha unga ili alale. Mwanzo aliuvuta. Baadaye akajidunga. Habari yenyewe ni fupi hivyo, na aliyepita njia hiyo hatakuambia kuwa ni ndefu zaidi. Wanaopenda kuuliza "ilikuwaje ukafika huko" huwa wanasubiri kisa kikubwa, na hakuna.

Ule mkono wa Mbebe haukupotea. Wanaojidunga kwa miaka mingi mishipa huwakimbia; mtu hutafuta, akakosa, akalia kama mtoto. Dokta hakuwa na haja ya kutafuta. Ndiyo maana pale kwenye pagale, nyumba isiyoisha nyuma ya yadi ya malori upande wa Mpemba, hakuna aliyejichoma mwenyewe kama Dokta yupo. Malipo yake yalikuwa kutangulia. Sindano mpya ikipatikana, wa kwanza Dokta. Wa pili Amoni, kwa kuwa ndiye mkubwa, utingo wa zamani mwenye ndevu zenye mvi. Wa tatu Sebastian, aliyewahi kufanya kazi kwa mawakala wa forodha na bado anavaa shati la kuchomekea. Wa mwisho Nesta, kwa sababu ni mwanamke. Hakuna kikao kilichokaa kikapanga hivyo. Ilikuwa tu, kama majumbani mwetu baba anavyopakuliwa kwanza na mama akala kilichobaki chunguni.

Na sindano ilikuwa moja. Si kwamba Tunduma haina sindano, maduka ya dawa yamepangana kama meno. Lakini muuzaji akiiona mikono yako anakuambia zimekwisha, na boksi unaliona kabisa nyuma ya kichwa chake. Kwa hiyo wakiipata moja waliitunza, Dokta akiichemsha kila usiku kama alivyofundishwa na bwana mifugo, na ilizunguka siku kwa siku mpaka ikawa butu.

Nesi Jenista alianza kuja Alhamisi. Gari la mradi wa afya lilisimama pembeni ya yadi, hema likapigwa, na yeye hakusubiri afuatwe wala kutangaza kwa kipaza sauti. Aliingia pagaleni mwenyewe, mwanamke mpana wa Kinyiha mwenye sauti ya kwaya, akavuta tofali akakaa. Hakutandika gazeti kwanza. Jambo hilo dogo walilizungumza kutwa nzima.

"Mimi sikuja kuwahubiria," alisema. "Mchungaji wenu mnamjua. Nina kipimo cha virusi vya UKIMWI na cha homa ya ini. Ni tone la kidole. Polisi hawamo garini, na majibu yako ni yako, simpi mtu mwingine hata akiwa mama yako. Leo nipo hapa, na Alhamisi ijayo; katikati mtanikuta kituo changu cha afya. Baada ya hapo naondoka na gari kwenda Chitete na huko kote Momba, na sijui litarudi lini huku."

Alipotoka walianza kutazamana. Nesta alikuwa wa kwanza kufungua mdomo. Alikuwa binti wa pale pale Tunduma, mtaa wa Sogea, na tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana chini ya kitenge. Baba wa mtoto ni dereva wa lori, na lori liko njiani daima.

"Mimi naona nikapime," alisema. "Kwa ajili ya huyu."

"Ukikutwa nao je?" Sebastian akamuuliza. "Utalala vipi?"

Amoni alikuwa akijikuna ndevu, na Amoni akijikuna ndevu ujue kuna wazo linakuja, na wazo la Amoni mara nyingi ni bora lingebaki huko huko.

"Dokta," akasema, "si ulitusimulia habari za ng'ombe wa kwenu? Bwana mifugo anachukua damu ya ng'ombe mmoja, akikuta ugonjwa anafunga zizi zima?"

"Nilisimulia," Danford akakubali.

"Haya. Ng'ombe mmoja, zizi zima. Sisi hapa sindano moja. Damu yetu imezunguka hadi imekuwa ya ukoo. Akipimwa mmoja tumepimwa wote. Kwa nini tutobolewe vidole wote?"

Sebastian akadaka hapo hapo. "Kweli kabisa. Hata forodhani hawafungui makontena yote. Wanafungua la kwanza. Likiwa safi, msafara unapita."

Lilikuwa wazo la kipumbavu lililovaa suti, na mawazo ya namna hiyo ndiyo hupendwa na watu wenye hofu. Nesta mwenyewe alionekana kupumua. Na nani apimwe? Wote walimgeukia Danford. Ndiye Dokta, ndiye mkono uliowagusa wote, na ndiye wa kwanza.

Danford alisimama, akaenda hadi kwenye tundu la dirisha, akarudi. Hakuwaza kifo, kifo alikuwa amekizoea kama jirani. Aliwaza kwamba ikiwa anao, basi amewagawia yeye, mmoja mmoja, kwa mkono wake huu huu unaosifiwa. Kisha akatoka haraka kabla miguu haijabadili nia, akaingia hemani.

Kungoja kulimshinda. Alikaa, akasimama, akasoma bango la kunawa mikono mara kadhaa. Jenista alimwacha azunguke. Hatimaye akamwita na kumwonyesha vile vipimo viwili, kila kimoja na mstari mmoja tu.

"Huna virusi, na homa ya ini haijaonekana. Utarudi baada ya miezi mitatu tuhakikishe, kwa sababu maambukizi mapya yanaweza kuwa hayajajitokeza. Na Danford, nisikilize. Haya ni majibu yako. Si ya mtu mwingine yeyote."

"Sawa, nesi," alijibu, ila alikuwa ameshafika mlangoni.

Pagaleni walimsoma usoni kabla hajasema neno. Amoni alipiga kofi ukutani. "Zizi safi!" Sebastian akacheza hatua mbili tatu, shati likachomoka. Na Nesta akaketi chini, akaweka mikono tumboni, akacheka kicheko ambacho Danford hakuwa amekisikia kwa muda mrefu.

"Nilikuwa nimepanga kesho nimfuate yule nesi kituoni," alisema. "Mungu amenipunguzia safari."

Danford alicheka nao. Ndiyo, alicheka, na hilo lilimuuma baadaye kuliko mengine. Kwa sababu haikufika hata jioni. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa walipokaa kwenye mstari wao wa kila siku, yeye akatangulia kama kawaida, akafuata Amoni, akafuata Sebastian, na Nesta akanyoosha mkono wake mwembamba. Danford aliushika mkono ule, na hapo akaona kitu ambacho alikuwa akikiona kila siku bila kukiona. Kijijini kwao anayechota juu ya mto hunywa maji ya mlimani. Anayechota chini, baada ya ng'ombe kuvuka na watu kufua, hunywa ya wote. Yeye, Dokta, alikuwa juu ya mto miaka yote. Angewezaje kuwa kipimo cha aliye chini?

Akaiweka sindano chini. "Hapana."

"Hapana nini?" Nesta alikuwa anatetemeka, na arosto, ile kiu ya unga, haijui mjadala.

"Hii si yako. Ngoja nikatafute mpya. Na kesho uende kwa nesi. Wote muende. Mimi siwezi kuwapimia. Mimi ndiye wa kwanza, jamani, sindano hunifikia ikiwa safi! Kama kuna kitu, kiko nyuma yangu."

Kisha Amoni akasimama taratibu.

"Nyuma yako," akarudia. "Asubuhi ulikuwa zizi moja na sisi. Umeambiwa u mzima, sasa sisi ndio wachafu."

"Sikusema wachafu."

"Umesema nyuma yako. Nyuma yako nipo mimi."

Danford alijaribu kueleza habari ya mto, na alieleza vibaya, kwa sababu alikuwa akitembea huku na huku na maneno yakimtoka vipande vipande. Akasema hatamchoma mtu yeyote ambaye hajapima. Hilo lilikuwa kosa, na alilijua likiwa bado mdomoni. Mtu aliye katika arosto huwezi kumfungia mlango ukamwita mwenzako. Amoni aliichukua ile sindano, na kwa mkono wake mzito akamchoma Nesta vibaya mno, binti akilia kwa maumivu na Sebastian akigeuza uso. Walipomaliza Amoni akaonyesha nje. Danford akatoka.

Siku zilizofuata alitembea. Alitoka Mpemba hadi forodhani, akapanda Sogea, akarudi, akapita tena palepale hadi wauza ndizi wakaanza kumtania kwamba ameajiriwa kupima barabara. Alimpata kijana wa bodaboda mwenye sura ya kuaminika akamtuma duka la dawa, na boksi la sindano mpya likapatikana bila swali lolote. Akalipeleka pagaleni, akaliacha kizingitini. Sindano wakazichukua, yeye wakamwacha. Hata hivyo alifurahi, ila furaha yenyewe haikumkalisha chini. Sindano mpya hailindi lililokwisha kuingia, na tumbo la Nesta halingojei Amoni aache kununa.

Jumanne alimkuta Nesta bombani, Sogea, akingoja ndoo ijae. Mama yake anauza mchele na anaimba kwaya, na pale mtaani kila mtu anamjua.

"Usinisogelee sana," Nesta alimwambia bila kumtazama. "Watu wanaangalia."

"Mdogo wangu, nisikilize mara moja tu."

"Nimekusikia, Dokta. Habari ya mto. Nimeielewa siku ile ile, mimi si mjinga." Alifunga bomba. "Unadhani sijui kwamba mimi ndiye wa mwisho? Mkono ni wangu."

Danford alihamisha uzito mguu huu, mguu ule.

"Sasa kwa nini hukwenda?"

"Nilikwenda. Siyo kwa huyo Jenista wako, dispensari ya hapa jirani, mwezi uliopita. Wakaniambia kliniki ya kwanza nije na mwenzangu. Mwenzangu yuko Ndola, au Lubumbashi, au ameshapata mwingine, mimi nitajua? Nikasema sina. Wakasema basi barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti anaimba besi kwaya moja na mama." Aliinua ndoo, kisha akaishusha tena. "Mficha uchi hazai, wanasema. Wangeniambia na mahali pa kuuvulia."

Hapo Danford, ambaye hakuwahi kufikiri neno mara mbili maishani mwake, akasema, "Basi mwenzako ni mimi."

Nesta alimtazama kuanzia nywele hadi kandambili. Kisha akacheka mpaka akashika kiuno. "Wewe? Umeoga lini?"

"Nitaoga."

"Na hiyo mikono?"

"Nitavaa mikono mirefu."

Na aliyoyasema akayafanya. Kesho yake, Jumatano, ambayo Jenista hushinda kituoni kwake, alikuwa ameoga kwenye bafu la madereva, amenyoa, na amevaa shati jeupe la mlinzi wa yadi lililomzidi mabega. Alikuwa amejidunga kidogo peke yake alfajiri, asije akatetemeka mbele za watu. Tusimpambe, alikuwa bado yule yule. Nesta alipomwona getini alijikaza asicheke tena. Alikuwa na hofu, midomo imemkauka.

Mabenchi yalikuwa yamejaa wanawake. Danford alihesabu kwa macho akaona zamu yao itafika jioni, na kungoja hadi jioni kungemuua. Lakini mhudumu alitoka, akapiga makofi, akatangaza kama wanavyotangaza kila asubuhi:

"Waliokuja na wenza wao watangulie!"

Hawakusogea. Hawakujua kwamba ni wao. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimsukuma Nesta begani. "Si una mumeo hapo? Simama, wengine wetu tumewaacha wamelala."

Wakapita katikati ya mabenchi yale. Wanawake walimtazama Danford kwa namna ambayo hakuwa ametazamwa tangu atoke Mbebe, kama mtu wa maana, mwanaume anayemjali mkewe. Aliona haya hadi masikio yakamwaka.

"Sijawahi kutangulia mahali popote," Nesta alinong'ona.

Jenista aliwatambua wote wawili na hakuonyesha. Alifunga mlango, akauliza habari za mimba, akaandika, akasikiliza. Alipoandaa vipimo akauliza kama wanataka majibu pamoja au kila mtu peke yake.

"Pamoja," alisema Nesta. "Huyu nimemleta kwa kazi hiyo."

Damu ikachukuliwa. Danford alitaka kusimama, na Nesta akamshika shati. "Leo utakaa," alimwambia. Akakaa. Alikaa kweli, magoti yakimruka, macho kwenye mikono ya Jenista, na hakuna kazi iliyowahi kumchosha kama ile.

Kipimo chake kilikuwa na mstari mmoja. Cha Nesta kilikuwa na miwili. Jenista alichukua kipimo kingine, cha kuhakikisha, na hicho nacho kikaleta miwili. Ndipo akavuta kiti chake karibu, magoti yake yakagusana na ya Nesta.

"Nesta, virusi unavyo. Homa ya ini huna. Nisikilize vizuri sana mama, kwa sababu najua sasa hivi masikio yanapiga kelele. Dawa unaanza leo, hapa hapa. Ukizimeza kila siku, huyo mtoto ana nafasi kubwa sana ya kuzaliwa bila virusi. Nimewazalisha wengi, nimewaona wakienda shule. Ungekuja siku ya kujifungua ningekuwa na maneno mengine. Umekuja mapema."

Nesta hakulia. Aliuliza swali moja tu. "Yeye hana?"

"Hana."

Akageuka akamtazama Danford. Hakumtazama usoni. Alitazama mkono wake wa kulia, uliokuwa umelala gotini ndani ya mkono mrefu wa shati la mtu, akautazama muda mrefu. Danford alitamani amtukane. Alitamani amzabe kofi, Jenista akiwepo, wamalize. Nesta alipokea dawa zake, akazifunga kwenye pindo la kitenge, akatoka.

Nje ya geti alisimama.

"Usimwambie mtu. Amoni, Sebastian, hata mama. Nikisikia umemwambia mtu mmoja, Dokta, sitameza hata kidonge kimoja. Na mimi nikisema kitu nafanya."

"Naapa," Danford akasema.

Kiapo hicho kilimkaba kuliko arosto. Kwa sababu kesho yake ilikuwa Alhamisi, hema likiwa limepigwa kwa mara ya mwisho, na alikuwa na neno moja mdomoni ambalo lingewainua Amoni na Sebastian kutoka kwenye matofali yao, na neno lenyewe si lake. Alipita mbele ya pagale, akarudi, akapita. Mwishowe akaingia.

"Amekuja msafi," alisema Amoni.

"Tusi lolote nimekubali, kaka. Nendeni tu mkapime. Gari linaondoka."

"Tulishapima. Ulitupimia. Zizi safi."

"Kontena la kwanza," akaongeza Sebastian, na hata yeye sauti yake haikuwa na nguvu.

Danford alibembeleza. Alisema habari za dawa, za watu waliozimeza na kunenepa, za dawa ya kunywa kule Mbeya inayowatoa watu kwenye unga. Alisema kwamba Amoni amekonda na kikohozi chake si cha vumbi. Kila aliposimama kuvuta pumzi lile neno jingine lilimpanda kooni, na alilimeza. Amoni aliona kwamba anameza kitu.

"Kuna jambo unajua," Amoni alisema. "Lisemwalo lipo. Nesta hajaonekana tangu juzi. Mlikuwa wapi naye jana? Mmeonekana."

"Tulitembea tu."

"Amepima?"

Danford alitazama nje. Vijana wa mradi walikuwa wameanza kuchomoa vigingi vya hema. Angesema tu. Neno moja, na watu wawili wangepona labda. Neno moja, na mmoja angeacha dawa, na mtoto pamoja naye. Aligeuka akakabili ukuta, akaupiga kwa ngumi, na hakusema.

"Nimepima," sauti ikasema mlangoni.

Nesta alikuwa amesimama pale, kitenge kimefungwa vizuri, kichwani kilemba, kama mtu anayekwenda kanisani. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisogea mpaka katikati.

"Shikamoo, kaka Amoni."

"Marahaba," alijibu Amoni, polepole.

"Nimemwapisha huyu asiseme, na nilikuwa nimesimama hapo nje namsikiliza. Hakusema. Basi nasema mwenyewe. Ninavyo. Nimeanza dawa jana." Sauti ilimkatika, akaivuta tena. "Sikulala. Nilikuwa nahesabu mstari wetu. Dokta wa kwanza, hana, amepimwa mara mbili. Mimi wa mwisho, ninavyo. Katikati mko wawili. Sasa niambieni, mimi nimevitoa wapi?"

Lori lilipiga honi yadini. Sebastian alikuwa akiingiza shati lake ndani ya suruali, ingawa lilikuwa limeshaingia.

"Labda," alisema hatimaye, "labda ni yule dereva wako."

"Labda," Nesta akakubali. "Inawezekana kabisa. Basi nendeni mkapime, mje mnionyeshe kwamba ni dereva."

Amoni alifumbua mkono wake, akautazama, akaufumba. Alikohoa kile kikohozi chake, akasubiri kiishe. Alionekana mzee kuliko miaka yake, na kwa mara ya kwanza Danford alimwona anaogopa, na akamhurumia sana.

"Hilo gari," Amoni akauliza, "limeshaondoka?"

Hema lilikuwa limekunjwa, na dereva wa mradi alikuwa ameshawasha injini. Danford aliruka kizingiti, kandambili moja ikabaki nyuma, akakimbia yadini katikati ya malori huku amenyanyua mikono yote miwili, akimwita nesi kwa jina.